Mwaka Niliomuua Mwalimu Anaeli kwa Kitufe Kimoja

Nilimuua Mwalimu Anaeli siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, kwa kubonyeza kitufe kimoja. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi nyumbani kwetu Kimandolu, nimejifunika shuka la Kimasai kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita, kikombe cha chai kimekaa juu ya goti, na nilikuwa nacheka peke yangu kama zuzu. Nilikuwa najaribu programu. Programu inajaribiwa kwa kupewa kazi, nami nikaipa jina la mtu ambaye wakati huo nilimwona anafaa kabisa kufa. Sikukusudia tangazo liende popote. Lilikwenda kwa watu zaidi ya mia mbili, wa Tengeru, wa Dar es Salaam, mpaka wa Ulaya, kabla chai haijapoa.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita Mwalimu amekufa kweli. Mimi sasa niko kidato cha sita, nina ndevu nne, na kwenye mazishi yake nilisimama nyuma kabisa, karibu na masufuria, nikiwatazama watu wanavyolia. Safari hii tangazo lilipotoka hakuna aliyejibu hata neno. Kwanza walipigiana simu kuulizana, "Hili ni la kweli, au ni la yule mtoto wa Naomi?" Halafu kaburini wakasema mambo matamu mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yao. Mzee mmoja aliyewahi kuandika kwamba Mungu amechelewa kumchukua, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, na alilia kweli, makamasi yakadondoka mpaka kwenye karatasi. Sikumcheka, ingawa mimi nacheka kila kitu. Nilijua alichokuwa ameandika mwaka ule, kwa sababu mimi ndiye niliyekisoma kwa sauti, yeye akiwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu.

Mama yangu, Naomi, alikuwa katibu wa Umoja, chama cha kuzikana cha watu waliozaliwa mteremko mmoja wa Mlima Meru, juu ya Tengeru. Kazi ya chama kama hicho ni moja tu: mtu akifa, wote wajue haraka, waje na kuni, ndizi, maziwa, turubai na mabega ya kubebea jeneza. Walikuwa na kundi la WhatsApp, likajifia lenyewe kwa kuvimbiwa. Asubuhi picha za maua na mistari ya Biblia, mchana dawa za tezi dume, jioni viwanja vinauzwa. Msiba ukitangazwa unapotelea kwenye maua. Ndipo mpwa wa mtu mmoja, aliyesoma nje, akawawekea programu ya kusimamia orodha ya barua pepe: unaandika mara moja, inawafikia wote. Akaiweka, akarudi zake nje, hakuonekana tena. Ilikuwa ya Kiingereza tupu, kurasa kumi na moja za visanduku vya kuwekea tiki. Mama alikuwa akirudi kutoka kazini kwake Sakina, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anakaa mezani kabla ya kuvua viatu, anasoma visanduku kwa sauti kama mtu anayejisomea hukumu. Akikosea kimoja, tangazo linazuiliwa likisubiri idhini, na mwenye kutoa idhini ni yeye mwenyewe, ila hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Babu mmoja alizikwa Jumamosi, tangazo lake likatoka Jumatatu. Dada wa marehemu alimpigia Mama, na sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliisikia nikiwa jikoni: "Umemzika kaka yangu kama mbwa, Naomi!" Mama alikata simu, akaja kunipokonya mwiko, akausonga ugali mpaka ukawa kama sementi. Tukaula hivyo hivyo.

Nikasema nitaitengeneza. Kidato cha tatu, mjuaji wa kutupwa, chalii wa Kimandolu aliyeangalia video kumi za mtandaoni. Video zilisema usimlaumu mtumiaji. Mkalishe, mpe kazi, funga mdomo, andika anapokwama. Likizo ilipoanza nikamkalisha Mama pamoja na Mama Joshi, fundi cherehani jirani yetu, ambaye ndiye alikuwa naibu katibu. Sebule yetu ni ndogo, makochi yamevaa vitambaa vya kufuma, na meza ya katikati ilikuwa imejaa sahani ya viazi vitamu. Nikachukua daftari nikakaa pembeni kama daktari.

"Mama Joshi, fanya kama kuna msiba. Tuma tangazo."

"Msiba wa nani?"

"Wa yeyote. Ni majaribio tu."

"Msiba haujaribiwi, wewe mtoto. Unauita." Akamgeukia Mama. "Naomi, huyu mwanao yuko sawa?"

Baada ya mabishano wakakubaliana afe jogoo wa Mama Joshi. Nikawatazama wakihangaika kumtangaza jogoo kwa nusu saa, na nilicheka mpaka nikajifutia machozi kwenye kitambaa cha kochi. Walipofika ukurasa wa mwisho programu ikauliza kama wana uhakika. Mama Joshi akarudisha mikono yake kifuani. "Uhakika wa nini? Imegundua kitu?" Akaifunga kompyuta pu! Kwenye kujibu ndiyo ilikuwa balaa zaidi, maana kulikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kumjibu mtumaji na kingine cha kuwajibu wote.

"Sasa nibonyeze kipi?" Mama akauliza.

"Inategemea, unataka nani asikie?"

"Mimi nataka kutoa pole, Eli. Pole tu. Mbona linakuwa swali la mtihani?"

Nikaandika kwenye daftari: vitufe viwili ni vingi. Leo nikilitazama daftari lile naona mwandiko wa mtu mwenye furaha. Nilifanya kazi wiki mbili na nusu, na sitajifanya mnyenyekevu: nilifanya vizuri. Kurasa kumi na moja zikawa moja, ya Kiswahili. Unaandika jina la marehemu na mahali alipofia, programu inaandika mengine yote yenyewe, kwa lugha nzito ya msiba. Tangazo linaenda kwa wote bila kuuliza linaenda kwa nani, kwa sababu msiba ni wa wote. Swali la uhakika nikaling'oa. Chini ya kila tangazo nikaweka kitufe kimoja kikubwa cha kijani, "Jibu", na jibu linakwenda kwa wote, maana nilifikiri pole ni kitu mtu anapenda kionekane. Nikaweka na utaratibu wa haraka: misiba inapita papo hapo, habari nyingine zote zinasubiri saa kumi na mbili jioni zitumwe kwa pamoja, watu wasisumbuliwe. Mama alituma tangazo lake la kwanza kwa dakika moja. Akanitazama namna ambayo hajanitazama tena.

Kisha tukaenda kuionyesha kwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa Mwalimu Anaeli. Mzee mrefu, mkavu, mjane, alifundisha hesabu shule ya msingi ya kule mlimani mpaka akastaafu, na nusu ya wanachama walipita mikononi mwake. Ninaposema mikononi namaanisha mikononi. Tulikaa sebuleni kwake, kamati nzima, chini ya picha ya marehemu mkewe. Niliongea kwa madaha dakika kumi. Alipochoka akainua kidole.

"Mtoto wa Naomi. Umemaliza?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kichwa chako ni debe. Linapiga kelele kwa kuwa halina kitu. Cha mama yako kilikuwa hivyo hivyo. Si ndiyo, Naomi?"

Kamati ikacheka. Mama naye akacheka, akiwa ameshika sahani ya karanga. Kicheko kile cha Mama nilikichukia kuliko nilivyomchukia Mwalimu. Programu ikapitishwa, tukarudi nyumbani, na siku nne baadaye ikawa Jumatano.

Nilitaka kuona tangazo linavyoonekana kwa naibu katibu, kwa hiyo niliingia kwa jina na neno la siri la Mama Joshi, ambaye wiki hiyo alikuwa shambani Babati, mtandao haushiki. Nikaandika: Mwalimu Anaeli. Mahali: hospitalini. Nikaitazama ile lugha nzito ikijiandika, nikacheka, nikabonyeza. Nilikuwa nimetengeneza orodha ya majaribio yenye anuani yangu tu, lakini ili uitumie ilibidi programu ikuulize inatuma kwa nani, na swali hilo nilikuwa nimeling'oa mwenyewe.

Majibu yakaanza kuingia kama mvua ya mawe. Nao walikuwa wanaamini wanamwandikia Mama Joshi peke yake, mwanamke wa watu, fundi, msiri wa kila mtu, na kitufe kilikuwa kimoja, nami sikuwa nimemwambia mtu kwamba kinawajibu wote. Wa kwanza alikuwa dereva wa Dar: "Poleni. Mimi siji. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto mpaka leo havinyooki, muulize aliyelala hapo." Mwingine: "Bwana alitoa, Bwana ametwaa, ila katika kutwaa amechelewa sana." Mwingine: "Mama Joshi, ni lazima tulie?" Mwingine akapendekeza mwenyekiti mpya awe mtu anayejua kucheka. Mimi nilikuwa nagaagaa kwenye kochi kwa kicheko. Nilijiambia, hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kisha likaingia jibu lenye jina la Mama.

"Mama Joshi, nakupigia hupatikani. Nimelisoma hili tangazo kazini, nikaingia chooni nikacheka, Mungu anisamehe. Hili sikio langu la kushoto lisilosikia, nililowaambia nyinyi wote ni la degedege, ni kofi la Anaeli. Darasa la sita, tulikuwa kwenye desimali. Niliona damu kwenye daftari. Tangu mkewe afe nampelekea chakula kila Jumamosi, nampikia loshoro ya maziwa mgando kwa mikono yangu, ili watu wasiseme Naomi ana kinyongo na ili yeye asijue. Leo nimepumzika. Usimwambie mtu."

Sikio la Mama lilikuwa mzaha wa nyumbani kwetu. Mimi ndiye niliyeuanzisha. Nilikuwa nakaa kushoto kwake makusudi, namtukania timu yake ya mpira kwa sauti ya chini, yeye anaitikia "ndiyo, baba." Niliisoma barua ile mara tatu. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wanaisoma nami, na mmoja wao, kwenye orodha, namba moja kwa sababu ni mwenyekiti, alikuwa marehemu.

Nikapiga simu ya Mama, ikaita mpaka ikakatika. Nikatuma taarifa kwamba Mwalimu hajafa, programu ikanijibu kwa adabu kwamba habari hii itatumwa saa kumi na mbili jioni. Kuwa hai hakukuwa jambo la haraka. Nikaipitishia kwenye fomu ya msiba, ambayo ina kisanduku cha jina la marehemu tu, na kikatoka kitu hiki: "Umoja unasikitika kuwatangazia kifo cha Mwalimu Anaeli yuko hai hajafa samahanini." Dakika mbili baadaye mtu akajibu, "Mama Joshi, kilio kimekuzidi. Pumzika kwanza." Lakini nilijua kitu kimoja cha kunipa tumaini. Mwalimu alitembea na simu ya kitochi. Barua pepe alisomea kwenye laptopu iliyokaa nyumbani kwake, na Jumatano ni siku ya soko Tengeru, hakosi. Nikifika kabla hajarudi, nikaifuta barua ya Mama, hatajua kamwe. Nikachukua bodaboda.

Nilichelewa kwa namna ambayo sikuitarajia. Uani walikuwa wameshafika watu kama arobaini. Akina mama wamejifunga khanga, moto unawaka, vijana wanavuta kamba za turubai. Kwetu mtu akifa sebule inatolewa vyombo vyote, mikeka itandikwe, marehemu na wafiwa wapate nafasi. Basi walikuwa wamevunja kufuli na kutoa kila kitu nje. Makochi yake yalikuwa kwenye migomba. Kabati limeegemea mti wa kahawa. Meza ilisimama katikati ya uwanja, na juu yake laptopu, modemu imechomekwa ubavuni kama kupe. Mama mmoja akanipa sahani ya ndizi. "Kula, mtoto wa katibu. Mama yako yuko njiani." Ningeweza kusema pale pale kwamba hakuna aliyekufa. Nikala ndizi. Zilikuwa tamu, na nilisikiliza wanaume nyuma yangu.

"Alikuwa na watoto wangapi?"

"Watatu. Hawaji. Yule mkubwa aliapa."

"Kaburi tuchimbe upande wa mkewe?"

"Mweke mbali kidogo. Mama wa watu naye apumzike."

Nikasogea mezani, nikaifungua laptopu. Ilikuwa ya zamani, inawaka kama inayokumbuka jambo. Barua zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine, na nilikuwa bado naitafuta ya Mama niliposikia wanawake wakipiga yowe. Mwalimu Anaeli alikuwa amesimama kwenye lango la miti, mfuko wa vitunguu mkono mmoja, kuku hai mkono wa pili. Alitazama turubai. Alitazama kabati lake.

"Nani amehama?" akauliza.

Mama mmoja alianguka, wakampepea. Mwalimu alikuja taratibu mpaka mezani, akamkabidhi kuku kwa kijana mmoja, akaisoma skrini akiwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua puani. Alisoma kwa muda mrefu, akinyoosha kidole kushusha ukurasa.

"Ni nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba." Akavuta kiti chake kutoka kwenye migomba, akakaa. "Simama wima. Toa mkono mfukoni. Soma kwa sauti, na uanze na jina la mwandishi."

Nikasoma. Watu waliokaa pale walikuwa waandishi wenyewe au ndugu zao, na kila jina lilipotajwa kichwa kimoja kiliinama. Mzee wa "amechelewa" alijifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Mwalimu hakubadilika uso. Kulikuwa na barua moja nzuri, ya mhandisi, aliyesema bila viboko vyake angekuwa bado anachunga ng'ombe. Mwalimu akasema, "Huyo ndiye alikuwa mjinga kuliko wote. Endelea."

Iliyofuata ilikuwa ya Mama. Nikainua macho, nikamwona mwenyewe anaingia langoni, kitenge cheusi, ndoo ya unga kichwani. Alimwona Mwalimu kwenye kiti. Akasimama. Mikono yote miwili ikaenda kwenye ndoo kuishika.

Nikasema jina lake, halafu nikatunga. "Poleni wote. Mwalimu alikuwa kama baba yangu, alinifundisha..."

"Hayo hayapo," Mwalimu akasema. "Nimeshaisoma. Soma kilichoandikwa."

"Mwalimu, tafadhali."

"Soma."

Nikasoma. Choo, kicheko, degedege, kofi, damu, loshoro. Nilipofika "usimwambie mtu" sauti yangu ilitoka kama ya mtoto wa chekechea, na mtu mmoja nyuma akacheka kwa bahati mbaya, akanyamaza. Mwalimu aligeuka kwenye kiti.

"Naomi."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Sikio lipi?"

"La kushoto, Mwalimu."

Akamtazama, kama anatafuta jambo kwenye rejista. "Mimi sikumbuki."

"Najua, Mwalimu."

"Desimali ulizielewa?"

Nilidhani Mama atalia, au atamtupia ndoo. Niliomba amtupie. Aliishusha ndoo chini, akaiweka vizuri isimwagike, akanyooka.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi," Mwalimu akasema, akawageukia vijana, akawaamuru warudishe kabati lake ndani, na waangalie miguu yake, ni mbovu.

Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuagana. Sisi tuliondoka wa mwisho, kwa sababu Mama alikaa kuosha masufuria ambayo hayakuwa yake. Tuliteremka kwa miguu kuelekea barabara kubwa, jua la saa kumi na moja likiwa upande wa mlima, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitembea kulia kwake. Nilimwambia nitajiondoa, nitaifuta programu, nitamwandikia kila mtu, nitapiga magoti mbele ya kamati. Tulipofika kwenye daraja dogo alisimama, akavua kile kitenge cheusi, akakikunja mara nne, akanipa nikishike, ndipo akasema:

"Jumamosi chakula kitakwenda kama kawaida, utampelekea wewe. Ila sasa atakula akijua."